Mishipa ya Damu Haisubiri Kisukari Kithibitishwe

Mtu akipimwa sukari asubuhi kabla ya kula na mashine ikasoma 6.3, mara nyingi huambiwa kwamba yuko mpakani, apunguze sukari kwenye chai, kisha arudi baada ya miezi kadhaa. Maelezo hayo si ya uongo. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, kisukari huthibitishwa pale sukari ya mtu ambaye hajala tangu usiku inapofika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kiwango cha 6.1 hadi 6.9 huhesabiwa kuwa hali ya kuelekea kisukari. Chama cha Kisukari cha Marekani huianza hali hiyo chini zaidi, kwenye 5.6. Kisichoelezwa mara nyingi ni namna mpaka huo ulivyochorwa. Hadi mwaka 1997 kigezo kilikuwa 7.8. Wataalamu wa Marekani walipokishusha hadi 7.0, na Shirika la Afya Duniani kufuata mwaka 1999, walitazama takwimu za Wapima, jamii ya wenyeji wa asili wa Arizona, za Wamisri na za watu wazima wa Marekani kwa jumla, wakauliza swali moja: ni kuanzia kiwango gani cha sukari ambapo madhara kwenye retina ya jicho yanaanza kuongezeka kwa kasi? Mpaka wa 7.0 kwa hiyo ni mpaka wa jicho. Haukuchorwa kwa kuangalia moyo, ubongo wala miguu, na hauonyeshi siku ambayo mishipa ya damu ilianza kudhoofika.

Kwamba mishipa huanza kuathirika mapema si hoja mpya. Mwaka 1990 Steven Haffner na wenzake wa San Antonio, Texas, walichapisha utafiti uliofuatilia Wamarekani wenye asili ya Mexico kwa miaka 8. Wote walianza bila kisukari. Walipowatenga wale ambao baadaye waliugua, na kurudi kwenye vipimo vyao vya mwanzo, waliwakuta tayari walikuwa na presha ya juu zaidi, mafuta ya trigliseridi mengi zaidi, kolesteroli nzuri ya HDL pungufu na insulini nyingi zaidi katika damu kuliko wenzao waliobaki salama. Kichwa cha makala yao kiliuliza kama saa ya ugonjwa wa moyo huanza kuhesabu kabla ya kisukari chenyewe kuonekana. Utafiti mwingine wa mwaka 1992, uliorudi nyuma kimahesabu kutokana na idadi ya wagonjwa wapya waliokutwa na madhara ya macho, ulikadiria kwamba kisukari aina ya pili huwa kimekwisha kuanza miaka 4 hadi 7 kabla ya daktari kukitambua. Miaka hiyo ni ya kisukari kamili kisichojulikana. Miaka ya kuelekea kisukari iko nyuma yake tena.

Ili kuelewa kinachotokea katika miaka hiyo, inabidi kwanza kuacha kuufikiria mshipa wa damu kama bomba la maji. Bomba halijui kinachopita ndani yake. Mshipa unajua. Upande wake wa ndani umetandikwa safu moja tu ya seli bapa, nyembamba mno, inayoitwa endotheli. Safu hiyo ipo katika kila mshipa, kuanzia mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo hadi kapilari ambazo chembe nyekundu za damu hupita humo moja moja zikijikunja. Kwa muda mrefu wanasayansi waliichukulia kama kizuizi tu baina ya damu na nyama ya mshipa.

Fikra hiyo ilibadilishwa na Robert Furchgott katika maabara yake ya Brooklyn, New York. Alikuwa akifanyia majaribio vipande vya mshipa mkuu wa sungura, na kwa miaka mingi aliona kwamba kemikali ya asetilikolini, ambayo katika mnyama aliye hai hulegeza mishipa, kwenye vipande vyake iliikaza. Mwaka 1978 utaratibu wa kuandaa vipande ulikiukwa kidogo, na ghafla vipande vikaanza kulegea. Walipochunguza waligundua kwamba katika maandalizi ya kawaida upande wa ndani wa kipande ulikuwa ukisuguliwa bila kukusudia, na endotheli ikitoka. Furchgott akafanya jaribio ambalo kwa maoni yangu ni miongoni mwa majaribio safi kabisa ya fiziolojia: alichukua kipande kilichokwanguliwa endotheli, akakilaza uso kwa uso na kipande chenye endotheli yake, akaweka asetilikolini. Kipande kilichokwanguliwa, ambacho peke yake kingekaza, kikalegea. Maana yake ni kwamba kuna kitu kilitoka kwenye endotheli ya jirani kikavuka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980, na miaka michache baadaye kitu hicho kikatambulika kuwa gesi, oksidi ya nitriki. Mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo.

Oksidi ya nitriki hutengenezwa ndani ya seli ya endotheli kutokana na asidi amino ya arjinini, kwa msaada wa kimeng'enya maalumu. Ikishatengenezwa hudumu kwa sekunde chache tu, muda unaoitosha kuingia kwenye misuli iliyouzunguka mshipa na kuilegeza. Kazi zake haziishii hapo. Inazuia chembe sahani za damu zisigandamane, inazuia seli nyeupe zisinate ukutani, na inazuia misuli ya mshipa isikue kupita kiasi. Upande wa pili, endotheli hiyo hiyo hutengeneza endothelini, kemikali inayokaza mshipa kwa nguvu. Mshipa wenye afya ni ule ambao mizani baina ya viwili hivyo hubadilika kila dakika kulingana na mahitaji: mtu akipanda ngazi mishipa ya mapaja hupanuka, akiketi hurudi. Wataalamu wanaposema endotheli imeharibika katika hatua za mwanzo, hawamaanishi kwamba imechanika au imeziba. Wanamaanisha kwamba haijibu tena inavyotakiwa. Mshipa ukipigwa picha unaonekana mzuri kabisa, lakini ukipewa sababu ya kupanuka, unapanuka kidogo tu.

Insulini inaingia hapa kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Tumezoea kuiona kama homoni ya sukari, inayofungua seli za misuli na mafuta ili glukosi iingie. Kumbe seli za endotheli nazo zina vipokezi vya insulini, na insulini ikivigusa huamsha njia mbili tofauti ndani ya seli. Njia ya kwanza huishia kwenye kimeng'enya cha oksidi ya nitriki, na mshipa hulegea. Njia ya pili huhusika na ukuaji wa seli, na mojawapo ya matokeo yake ni endothelini, inayokaza. Mtu mwenye afya anapokula, insulini inapanda, njia ya kwanza inatawala, kapilari nyingi zaidi za misuli zinafunguka, na damu yenye glukosi inasambaa mahali inapotakiwa.

Katika usugu wa insulini, yaani pale mwili unapoacha kuitikia homoni hiyo ipasavyo, njia hizi mbili haziharibiki kwa usawa. Ya kwanza hudhoofika, ya pili hubaki nzima. Kongosho, likiona sukari haishuki, huongeza insulini, na kwa miaka mingi hufanikiwa kuiweka sukari katika kiwango cha kawaida kwa nguvu ya wingi. Vipimo vya sukari vinasoma vizuri. Lakini insulini hiyo nyingi inapofika kwenye endotheli inakuta njia ya kulegeza imefifia na njia ya kukaza iko wazi. Hapa ndipo penye ufunguo wa suala lote, na ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na sukari ya 5.2 huku mishipa yake ikiwa haifanyi kazi kama ya mwenzake wa rika moja. Mishipa huumizwa na sukari, ndiyo, lakini kabla ya hapo huumizwa na chanzo kile kile kitakachokuja kuizalisha sukari yenyewe.

Mafuta ya tumboni yanachangia. Simaanishi mafuta yanayoshikika chini ya ngozi. Nazungumzia yale yanayozunguka utumbo na ini, ambayo humwaga asidi za mafuta kwenye damu pamoja na kemikali za uvimbe, huku yakipunguza adiponektini, homoni inayoilinda endotheli. Asidi hizo za mafuta, zikishirikiana na glukosi inayopanda na kushuka baada ya kila mlo, huzalisha ndani ya seli molekuli haribifu za oksijeni. Molekuli hizo hukutana na oksidi ya nitriki na kuiharibu kabla haijafika kwenye misuli ya mshipa. Baya zaidi ni kwamba, hali hiyo ikidumu, kimeng'enya kilichokuwa kikitengeneza oksidi ya nitriki hupoteza msaidizi wake na kuanza chenyewe kuzalisha molekuli haribifu.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwa watu ambao hawajaugua ulitoka Boston mwaka 1999, katika utafiti ulioongozwa na Enrique Caballero wa Joslin, kituo cha kisukari cha mji huo. Waliwagawa watu katika makundi manne: wenye sukari ya kawaida wasio na kisukari katika familia, wenye sukari ya kawaida kabisa lakini mzazi mmoja au wote wawili wana kisukari aina ya pili, wenye sukari iliyopanda kiasi baada ya kunywa glukosi, na wagonjwa wa kisukari ambao hawakuwa na madhara yanayojulikana ya mishipa. Mishipa midogo waliipima kwenye ngozi ya mkono, wakitumia leza inayosoma mwendo wa damu, huku asetilikolini ikipenyezwa kwenye ngozi kwa mkondo mdogo wa umeme. Mishipa mikubwa waliipima kwa ultrasaundi. Kundi la pili, la watoto wa wagonjwa, ndilo linalostahili kutazamwa kwa muda mrefu. Sukari yao haikuwa na dosari, ila mishipa yao haikupanuka kama ya kundi la kwanza. Mwaka uliofuata watafiti wa Ujerumani waliwachunguza ndugu wa damu wa wagonjwa, vijana wasio na presha, wakaona kwamba dosari ya mishipa ilikuwa kwa wale waliokuwa na usugu wa insulini. Yaani kuzaliwa katika familia yenye kisukari peke yake hakutoshi kuieleza. Usugu ndio unaobeba uzito.

Kipimo cha mishipa mikubwa kinachotumika katika tafiti hizi kilielezwa mwaka 1992 na David Celermajer na wenzake wakiwa London, na ni rahisi kukieleza kwa yeyote aliyewahi kupimwa presha. Mtu analala chali katika chumba tulivu, akiwa hajala. Mtaalamu anaweka kifaa cha ultrasaundi juu kidogo ya kiwiko na kupima kipenyo cha ateri, yaani mshipa unaopeleka damu mkononi. Tuseme ni milimita 4.0. Kisha mkanda wa mashine ya presha unafungwa kwenye mkono na kujazwa upepo hadi damu isipite kabisa, na unaachwa hivyo kwa dakika 5. Vidole vinapoa na kufa ganzi. Mkanda unapofunguliwa, damu inarudi kwa kasi kubwa, na msuguano wake juu ya endotheli ndio unaoiamuru itoe oksidi ya nitriki. Ndani ya dakika moja hivi ateri inapanuka. Ikifika milimita 4.3, imepanuka kwa asilimia 7.5. Ikifika 4.1 tu, ni asilimia 2.5, na hapo kuna jambo. Tofauti inayotafutwa ni ya sehemu ya kumi ya milimita chache, na ndiyo maana kipimo hiki kimebaki katika utafiti na hakijawa cha kliniki za kawaida: kahawa, sigara, usingizi mbovu, mlo wa mafuta au siku za mwezi za mwanamke vyote vinatosha kuyabadilisha majibu. Zile mashine za kwenye maonyesho na maduka ya virutubisho, ambazo mtu hushika kifimbo cha chuma kiganjani na kompyuta ikatoa kurasa nyingi kuhusu "unyumbufu wa mishipa", hazifanyi chochote kati ya haya. Aliyewahi kulipia kurasa hizo amelipia karatasi.

Swali linalobaki ni nani anaanza, mishipa au usugu. Katika utafiti mkubwa wa wauguzi wa kike wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2004, damu iliyokuwa imehifadhiwa tangu wanawake hao walipokuwa wazima ilipimwa protini zinazotolewa na endotheli iliyochokozwa. Waliokuwa nazo kwa wingi ndio waliokuja kupata kisukari zaidi miaka iliyofuata, hata baada ya kuzingatia unene na vihatarishi vingine. Hilo linaelekeza kwamba dosari ya mishipa huenda si tokeo tu. Na maelezo yake yanaeleweka: misuli ya mwili ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya glukosi baada ya kula, na ili insulini iifikie misuli ni lazima kapilari zifunguke na homoni yenyewe ivuke endotheli. Kapilari zisipofunguka vizuri, insulini inachelewa, glukosi inabaki kwenye damu, kongosho linaongeza insulini, na usugu unazidi. Kwa hiyo ni mduara, na mtu anaweza kuuingia kupitia mlango wowote kati ya miwili.

Hilo pia linasaidia kueleza kwa nini sukari ya baada ya kula inasema mengi kuhusu mishipa kuliko sukari ya asubuhi. Sukari ya asubuhi inategemea zaidi ini, ambalo usiku kucha hutoa glukosi kwenye damu. Sukari ya saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi inategemea zaidi misuli na mishipa inayoihudumia. Majibu ya 7.8 hadi 11.0 katika kipimo hicho cha pili ndiyo huitwa uvumilivu hafifu wa glukosi. Mwaka 1999 uchambuzi wa tafiti nyingi za Ulaya uliopewa jina la DECODE ulionyesha kwamba sukari ya saa mbili ilitabiri vifo vizuri kuliko ya asubuhi, na mwaka huo huo utafiti wa mji wa Funagata, Japani, ulionyesha kwamba uvumilivu hafifu wa glukosi uliambatana na vifo vya moyo na mishipa ilhali sukari ya asubuhi iliyopanda kiasi haikuambatana navyo. Kwetu kipimo cha kunywa glukosi hufanywa zaidi kwa wajawazito, kwa sababu kinachukua muda na mtu lazima asubiri. Matokeo yake ni kwamba wengi ambao mishipa yao inaumia baada ya kila sahani ya wali na soda wanatoka kliniki wakiwa na namba nzuri ya asubuhi.

Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu, kinaziba pengo hilo kwa kiasi, lakini katika Afrika Mashariki kinahitaji uangalifu. Kinapima sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu, kwa hiyo chembe zikifa mapema, kama inavyotokea katika sikoseli au malaria, majibu hushuka bila sukari kushuka. Hata mwenye kurithi kinasaba kimoja tu cha sikoseli, ambaye si mgonjwa, anaweza kusomewa chini: utafiti wa Wamarekani weusi uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa kiwango kile kile cha sukari, HbA1c yao ilikuwa pungufu kwa wastani wa takriban 0.3. Katika mikoa inayozunguka Ziwa Viktoria, ambako kinasaba hicho ni cha kawaida, mtu mwenye HbA1c ya asilimia 5.5 anaweza kwa kweli kuwa ndani ya eneo la 5.7 hadi 6.4 ambalo Wamarekani wanaliita la hatari. Upungufu wa madini ya chuma, nao, hupandisha majibu bila sababu.

Dalili za mapema mtu hazihisi. Zinatafutwa. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, unaojulikana kwa kifupi DPP, washiriki ambao hawakuwa wamepata kisukari walipopigwa picha za macho, asilimia 7.9 walikutwa na madoa ya retina ya aina ile ile inayowapata wagonjwa. Figo nazo huvujisha albumini, protini ya damu, kwa kiasi kidogo mno kiasi kwamba kijiti cha kawaida cha mkojo hakikioni. Huhitaji kipimo kinacholinganisha albumini na kreatinini, taka ya kawaida ya mwili inayotoka kwenye mkojo, na majibu yakiwa miligramu 3 hadi 30 kwa kila milimoli ya kreatinini, yakirudiwa na kubaki hivyo, ni ishara kwamba ukuta wa mishipa midogo umelegea, na si ya figo peke yake. Mjini Maastricht, Uholanzi, watafiti waliwamulika watu kwa mwanga unaopepesa na kuona jinsi mishipa ya jicho inavyopanuka kuitikia. Kwa wenye hali ya kuelekea kisukari mwitikio ulikuwa tayari umepungua, na kwa wagonjwa ulipungua zaidi.

Kuna dalili moja ambayo mtu huihisi, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopelekwa mahali pasipostahili. Kusimama kwa uume kunategemea oksidi ya nitriki moja kwa moja. Dawa ya sildenafil hufanya kazi kwa kurefusha athari za gesi hiyo. Ateri za uume ni nyembamba kuliko za moyo, kipenyo cha milimita 1 hadi 2 kulinganisha na 3 hadi 4, kwa hiyo endotheli inayodhoofika mwili mzima huweza kuonekana pale miaka kadhaa kabla ya maumivu ya kifua. Mwanaume wa miaka 45 mwenye tumbo, ambaye baba yake ana kisukari, akianza kupata shida hiyo, pa kwenda ni kwenye presha, sukari na kolesteroli yake. Anakokwenda kwa kawaida ni kwa muuza unga wa mizizi wa kituo cha daladala, na miaka mitano inapita.

Tanzania ina kumbukumbu nzuri kuhusu jambo hili kuliko nchi nyingi za Afrika, kutokana na kazi ya Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili. Walipowapima watu wazima wa vijiji sita na kuchapisha matokeo mwaka 1989, kisukari kilikuwa chini ya asilimia 1. Watu walikitaja kisukari hicho kidogo na kufurahi. Katika makala hiyo hiyo uvumilivu hafifu wa glukosi ulikuwa karibu asilimia 8. Ni vigumu kuisoma leo bila kuona kwamba onyo lilikuwa pale pale kwenye jedwali: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Mbinu za vipimo vya tafiti hizo mbili hazilingani kabisa, na miji imekua, hivyo si haki kuzitoa moja kutoka nyingine. Mwelekeo, hata hivyo, hauna ubishi. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari katika kanda ya Afrika hawajui kama wanacho. Kama wagonjwa wenyewe hawajulikani, walioko kwenye njia ya kuelekea huko hawajulikani zaidi.

Wanawake waliopata kisukari cha mimba ni kundi ambalo tunalipoteza kwa uzembe. Sukari hushuka baada ya kujifungua, kadi ya kliniki inafungwa, na mama anahesabiwa amepona. Uchambuzi wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba uwezekano wao wa kupata kisukari aina ya pili baadaye ni zaidi ya mara saba ya wenzao. Hatari yao ya magonjwa ya moyo pia huongezeka, hata kwa wale ambao kisukari hakiwarudii, jambo linaloendana na mishipa iliyoumia bila kusubiri sukari. Mama wa namna hii anastahili kupimwa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, na kisha mara kwa mara maisha yake yote.

Je, mishipa hurudi? Katika hatua ambayo tatizo ni la mwitikio na si la kuziba, hurudi kwa kiasi kikubwa. Mazoezi huongeza msuguano wa damu juu ya endotheli, na msuguano huo ndio amri ya asili ya kutengeneza kimeng'enya kingi zaidi cha oksidi ya nitriki. Msuli unaofanya kazi pia huchukua glukosi bila kuhitaji insulini, ndiyo maana kutembea baada ya chakula cha usiku kunashusha sukari kwa namna ambayo kutembea saa tatu kabla hakuwezi. Kuacha sigara, kupunguza mafuta ya tumbo na kutibu presha vyote huonekana kwenye kipimo cha ateri.

Kuhusu maisha marefu, ushahidi unatoka China. Mwaka 1986, katika kliniki 33 za mji wa Daqing, watu 577 wenye uvumilivu hafifu wa glukosi waligawanywa. Wengine waliendelea kama kawaida, wengine wakasaidiwa kubadili mlo, mazoezi au vyote kwa miaka 6. Wakafuatiliwa kwa miaka 30. Waliosaidiwa walichelewa kupata kisukari kwa karibu miaka 4, walipata matukio machache ya moyo na kiharusi kwa asilimia 26, madhara machache ya mishipa midogo kwa asilimia 35, na waliishi wastani wa takriban mwaka mmoja na nusu zaidi. DPP ya Marekani, yenye watu 3,234, ilikuwa imeonyesha mwaka 2002 kwamba kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki hupunguza kisukari kwa asilimia 58, na dawa ya metformin kwa asilimia 31.

Lakini DPP ilipofuatiliwa kwa miaka 21, matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba si mabadiliko ya maisha wala metformin vilivyopunguza matukio makubwa ya moyo. Wengine wameyachukua kama ushahidi kwamba kinga ya mapema haina maana, na nadhani wanakosea kusoma. Wamarekani hao wengi, katika makundi yote, walikuwa wakipewa dawa za presha na za kolesteroli, ambazo zenyewe huisaidia endotheli, na matukio ya moyo yakawa machache kote. Wakazi wa Daqing wa miaka ya 1980 hawakuwa na dawa hizo. Mtu wa Singida au Kakamega ambaye hajawahi kupimwa kolesteroli, na ambaye presha yake imepimwa mara ya mwisho alipolazwa, yuko karibu zaidi na mtu wa Daqing wa wakati ule.

Kwa hiyo aliyesomewa 6.3, au mwenye mzazi, kaka au dada mgonjwa hata kama anasoma 5.0, hana haja ya kutafuta mashine ya mishipa. Vitu vinavyoieleza hali ya endotheli yake vinapatikana katika hospitali ya wilaya: presha iliyopimwa vizuri katika siku zaidi ya moja, kiuno kilichopimwa kwa futikamba, ambapo sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke ndizo namba zinazotumika kwa Waafrika kusini mwa Sahara, trigliseridi na HDL, na, pale maabara inapoweza, albumini ya mkojo. Akipata nafasi ya kupima sukari saa mbili baada ya glukosi, aichukue. Na presha ikikutwa juu, itibiwe sasa, bila kusubiri sukari ifike 7.0.